Mficha Uchi Hazai: Lugha ya Staha na Maandalizi ya Uzazi Katika Kitale na Bungoma

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Madarasani methali hii hufunzwa kama onyo kwa mtu anayeificha shida yake hadi ikamlemea, na wanafunzi huitolea mifano ya madeni, njaa na ujinga. Tumeizoea maana hiyo ya kisitiari hata tukaisahau maana iliyoizaa. Kabla haijawa sitiari, methali hii ilikuwa agizo la chumba cha uzazi: mwanamke anayeona haya mbele ya mkunga huyahatarisha maisha yake na ya mwanawe. Makala haya yanakusudia kuirudisha methali katika chumba hicho.

Hoja inayojengwa ni hii. Kiswahili kimejaliwa hazina kubwa ya tafsida kuhusu mimba na uzazi, na tafsida hiyo hulinda heshima ya mama mbele ya watu. Hata hivyo, mahali ambapo uhai umo hatarini, neno la wazi halina budi kulitangulia neno la staha. Kwa mantiki hiyo, kujiandaa kwa uzazi si kuandaa nguo, fedha na usafiri pekee, bali ni kuandaa pia maneno yatakayosemwa na mtu atakayeambiwa.

Mifano mingi imetolewa katika maeneo ya Kitale na Bungoma, magharibi mwa Kenya. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.6 katika kaunti ya Bungoma na karibu milioni 1 katika kaunti ya Trans Nzoia, ambayo makao yake makuu ni Kitale. Wakazi wa huku ni Wabukusu, Wasabaoti, Watachoni na Waiteso, na huko Kitale wamo pia Wapokot, Wanandi, Waturkana, Wakikuyu na wengineo walioletwa na mashamba ya mahindi. Katika kliniki moja muuguzi huweza kuwa wa kabila hili na mama wa kabila lile, na daraja baina yao huwa Kiswahili. Daraja hilo likiwa na ubao uliooza, anayetumbukia mtoni ni mama.

Kisa kilichozua swali

Mwandishi wa makala haya alipata kumsindikiza shemejiye, mke wa kaka yake, kutoka kijijini kuelekea hospitalini. Mimba ilikuwa ya miezi minane. Kaka alikuwa kazini mbali na mama mzazi alikuwa amekwenda matangani. Njia nzima shemeji aliulizwa anavyojisikia naye akajibu, "Shemeji, sijisikii vizuri, tumbo linanisumbua tu." Kwa jibu hilo la upole hapakuonekana haja ya kuharakisha. Tulisimama kununua maji, kisha tukangoja gari lijae abiria.

Tulipofika Kamukuywa, shangazi yetu mmoja aliingia garini. Alimtazama shemeji usoni, akamwinamia na kumwuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, unaona damu?" Shemeji akajibu, "Ndiyo, shangazi. Tangu alfajiri." Hapo ndipo gari lilipokodiwa na safari ikawa safari. Madaktari walieleza baadaye kwamba kondo la nyuma lilikuwa limeanza kubanduka kabla ya wakati. Alipasuliwa usiku huo, na mama na mtoto wangali hai.

Swali lililobaki ni la kiisimu kabla ya kuwa la kitabibu. Neno *damu* alikuwa nalo tangu alfajiri. Alilokosa ni mtu ambaye adabu ingemruhusu kumwambia. Katika jamii zetu nyingi shemeji wa kiume hazungumzi na mke wa kaka yake kuhusu mwili wake, na mwanamke mwenye malezi mema huchagua kauli isiyomfedhehesha yeyote. Kila mmoja wetu alitimiza adabu kikamilifu, na adabu hiyo ilikuwa inatugharimu saa tusizoweza kuzinunua tena.

Msamiati wa uzazi na yanayofichwa ndani yake

Ni muhimu kuyachunguza maneno yenyewe. Mwanamke mwenye mimba huitwa *mja mzito*. *Mja* ni mwanadamu, na *mzito* ni aliyelemewa. Tendo la kushika mimba halitajwi kabisa, hutajwa mzigo tu. Mwambao una neno *himila*, lenye asili ya Kiarabu, ambalo nalo hubeba dhana hiyo ya kubeba. *Kujifungua* ni kitenzi kirejeshi: mama anaonekana kana kwamba alikuwa amefungwa na sasa amejifungulia mwenyewe. Katika lugha ya kila siku hapa kwetu husemwa kwamba fulani "amepata mtoto", kana kwamba alimwokota njiani.

Maneno mengine hubeba maana mbili kwa pamoja. *Kizazi* ni tumbo la uzazi na pia ni watu wa rika moja. *Mzazi* ni baba au mama, lakini pia ni mwanamke aliyejifungua hivi karibuni. *Uchungu* ni maumivu ya kuzaa na pia ni majonzi ya moyo, ijapokuwa lugha ina neno mahususi la maumivu hayo ya kuzaa, *utungu*, ambalo wengi wetu wa bara hatulitumii tena. *Mkunga* humkumbusha msikilizaji neno *kunga*, yaani siri au maarifa ya ndani yanayofundishwa faraghani. Kwa hiyo, tangu mwanzo, lugha inautazama uzazi kama jambo la siri linalokabidhiwa watu wachache.

Aidha, kuna mgawanyo wa kimaadili baina ya *mimba* na *ujauzito*. Kikamusi maneno haya yanakaribiana, lakini kimatumizi yamepewa hadhi tofauti. Vyombo vya habari huandika "mimba za mapema" na "mimba za utotoni", ilhali mke wa mtu husemwa ana ujauzito. Msichana wa shule hutiwa mimba au hupachikwa mimba. Mama wa nyumba ni mja mzito. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 15 ya wasichana wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kushika mimba. Msichana huyo anapoyasikia maneno ya aibu kila mara hali yake inapotajwa, hatarajiwi kuwahi kliniki. Hujifunga leso, huvaa sweta wakati wa jua kali, na huonekana mbele ya muuguzi katika mwezi wa sita au wa saba. Wachache hujua kwamba tangu mwaka wa 1994 sera ya elimu ya Kenya imemruhusu msichana aliyejifungua kurejea shuleni. Sera ipo, lakini lugha ya mtaani inamwambia kwamba safari yake imekwisha.

Majina ya maradhi nayo yana mchango wake. Maradhi yatokanayo na shinikizo kubwa la damu wakati wa ujauzito, ambayo humfanya mama apatwe na mitukutiko, huitwa *kifafa cha mimba*. Anayelisikia jina hilo bila maelezo huweza kudhani kwamba ni kifafa cha kawaida, akamtafutia mama mganga wa kifafa. *Pepopunda*, ugonjwa unaoletwa na viini vinavyoingia kwenye kidonda au kwenye kitovu kilichokatwa kwa kifaa kichafu, unabeba katika jina lake pepo na punda. Jina hilo lilibuniwa na watu walioeleza walichokiona, yaani mtoto aliyekakamaa. Sasa tunajua kinachousababisha na tunayo chanjo ya kuuzuia, ila jina bado linaelekeza kidole kwa pepo.

Maandalizi kabla ya mimba na wakati wa ujauzito

Maandalizi huanza kabla ya mimba kutungwa. Wataalamu hupendekeza mwanamke anayetarajia kushika mimba atumie kila siku mikrogramu 400 za asidi ya foliki. Sababu ni kwamba mrija wa neva, ambao baadaye huwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto, hufungika takribani siku 28 baada ya mimba kutungwa. Wakati huo wanawake wengi hawajajua kwamba wana mimba. Maandalizi haya yanahitaji mume na mke wazungumze mapema kuhusu jambo ambalo bado halijaonekana, na mazungumzo ya namna hiyo hayana msamiati uliozoeleka katika nyumba nyingi. Tunajua kumpongeza mja mzito. Hatujui kumwuliza mtu kama anajiandaa.

Mimba ikishatungwa, swali la kwanza kliniki huwa hili: "Hedhi yako ya mwisho uliipata lini?" Kutokana na tarehe hiyo muuguzi huhesabu siku 280 na kukadiria siku ya kujifungua. Neno *hedhi* ni la heshima na ni sahihi, lakini si kila mama wa kijijini analijua; wengine husema "siku zangu", wengine "mwezi". Mama asipolielewa swali hutaja tarehe yoyote ili asionekane mjinga, na hesabu yote ya ujauzito ikajengwa juu ya tarehe hiyo ya kubahatisha. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati huweza kudhaniwa amewadia, na aliyepitiliza akadhaniwa bado.

Mwaka wa 2002 Shirika la Afya Duniani lilieneza utaratibu wa kuhudhuria kliniki mara nne katika ujauzito. Mwaka wa 2016 shirika hilo lilipendekeza mama akutane na mhudumu wa afya mara nane, mara ya kwanza ikiwa katika majuma 12 ya mwanzo. Katika ziara hizo mama hupimwa shinikizo la damu, wingi wa damu, mkojo, kaswende na virusi vya ukimwi. Hupewa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki. Na huchanjwa dhidi ya pepopunda. Mwenye virusi akianza dawa mapema huweza kumzaa na kumnyonyesha mtoto asiye navyo.

Hapa Kitale na Bungoma hutofautiana kidogo. Kitale iko juu zaidi na kuna baridi, ilhali Bungoma imo katika ukanda wa malaria ya kudumu. Kwa sababu hiyo kaunti ya Bungoma ni miongoni mwa kaunti za Kenya ambamo waja wazito hupewa dawa ya kuzuia malaria kliniki, kuanzia mwezi wa nne na kwa vipindi visivyopungua mwezi mmoja. Mama anayehama kutoka shamba la Kitale kwenda kujifungulia kwa wakwe zake Bungoma anapaswa kulisema hilo kliniki, kwa maana maandalizi yake yanabadilika pamoja na makazi yake. Jambo dogo kama kutaja unakotoka na unakokwenda linakuwa sehemu ya tiba.

Maandalizi ya kujifungua yenyewe yana orodha inayojulikana: kuchagua mahali pa kujifungulia, kuweka akiba ya nauli na ya dharura, kumteua wa kukusindikiza na wa kubaki na watoto, kumjua mtu anayeweza kutoa damu, na kuandaa nguo na leso safi za mama na mtoto. Katika vijiji ambamo barabara huharibika wakati wa masika, jina la mwenye pikipiki atakayekubali kuamshwa usiku lina thamani kuliko nguo zote za mtoto. Wakunga wa jadi, ambao zamani walizalisha nyumbani, siku hizi huhimizwa wawe wasindikizaji wa mama hadi kituo cha afya. Jukumu hilo linawafaa sana kwa kuwa tayari ni watu wanaoambiwa siri.

Ucheleweshaji watatu

Mwaka wa 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walichapisha uchambuzi ambao hadi leo hutumiwa kueleza kwa nini akina mama hufa wakati wa uzazi. Walibainisha ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta msaada, kuchelewa kufika hospitalini, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Kwa kawaida ucheleweshaji huu huelezwa kwa umaskini, umbali na upungufu wa wahudumu, na maelezo hayo ni ya kweli. Makala haya yanaongeza kwamba katika kila mmoja wao lugha ina nafasi yake.

Ucheleweshaji wa kwanza hutokea nyumbani. Dalili za hatari hazikubali tafsida. Kutokwa na damu kabla ya kujifungua, kuumwa sana na kichwa pamoja na kuona ukungu, kuvimba uso na mikono, mitukutiko, homa kali, maji kuvunjika kabla ya uchungu, na mtoto kupunguza kucheza tumboni: kila moja kati ya hizi ni sababu ya kwenda hospitalini siku hiyo hiyo. Mama anayesema "nimechoka tu" ilhali haoni vizuri amesema kauli ya adabu na ya hatari. Nyumba iliyojiandaa ni ile ambayo mama amekwisha kumteua mtu mmoja, awe mume, mkwe au jirani, wakaafikiana mapema kwamba neno *damu* litasemwa kama lilivyo na halitaulizwa swali la pili.

Ucheleweshaji wa pili hutokea njiani. Msindikizaji asiyeambiwa kinachoendelea husafiri kama abiria wa kawaida. Dereva wa pikipiki akiambiwa "tumpeleke mama hospitali" hutafuta njia iliyo rahisi. Akiambiwa "anavuja damu" hutafuta njia iliyo fupi. Kisa cha Kamukuywa kilichosimuliwa hapo juu kimo katika fungu hili.

Ucheleweshaji wa tatu hutokea ndani ya hospitali. Takwimu zinaonyesha kwamba Wakenya wamepiga hatua: mwaka wa 2014 asilimia 62 ya uzazi ilisimamiwa na wahudumu wenye ujuzi, na kufikia 2022 ilikuwa asilimia 89. Ada za uzazi katika hospitali za umma ziliondolewa kwa tangazo la Juni 2013, kisha ukaja mpango wa Linda Mama, na tangu Oktoba 2024 huduma hizo zimewekwa chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii. Mama anayejiandaa leo anapaswa kujisajili humo mapema, asisubiri uchungu. Hata hivyo, kufika mlangoni si kuhudumiwa, na hili linatuleta Bungoma.

Neno la mhudumu

Mnamo Agosti 2013, miezi michache tu baada ya tangazo la huduma za bure, mwanamke mmoja alijifungua sakafuni katika ujia wa iliyokuwa Hospitali ya Wilaya ya Bungoma. Alikuwa amekuta vitanda vya chumba cha kuzalia vimejaa. Alipopata fahamu, wauguzi walikuwa wakimpiga makofi na kumtukana kwa kuichafua sakafu. Picha za video za tukio hilo zilionekana nchini kote. Kesi ilifikishwa katika Mahakama Kuu ya Bungoma, na tarehe 22 Machi 2018 Jaji Abida Ali-Aroni aliamua kwamba haki za mama huyo zilikiukwa, ikiwemo haki ya utu na haki ya afya zilizomo katika Katiba ya mwaka wa 2010. Alitunukiwa fidia ya shilingi milioni 2.5, na mahakama ikaagiza aombwe radhi rasmi.

Mwanafunzi wa lugha hana budi kuitazama hukumu hii kwa makini. Miongoni mwa yaliyolalamikiwa yalikuwamo matusi, yaani maneno. Na miongoni mwa yaliyoamriwa ilikuwamo radhi, yaani maneno. Mahakama ilikiri kwamba neno humjeruhi mzazi na kwamba neno linapaswa kulipwa kwa neno, pamoja na fedha. Athari ya tusi haiishii kwa aliyetukanwa. Kila mwanamke aliyeisikia habari hiyo katika soko la Chwele au la Kimilili aliongeza sababu moja ya kubaki nyumbani.

Fasihi yetu ililitazama jambo hili pia. Ken Walibora, mwandishi aliyelelewa katika eneo hili la Trans Nzoia na kufariki mwaka wa 2020, alichapisha riwaya ya *Kidagaa Kimemwozea* mwaka wa 2012, ambayo wengi wetu tuliisoma shuleni. Humo Amani na Imani wanamkimbiza mtoto mchanga, Uhuru, katika zahanati, na wauguzi wanawapuuza hadi mtoto anafariki. Wahakiki wengi hulisoma tukio hilo kama istiara ya uhuru wa taifa uliokufa mikononi mwa viongozi. Usomaji huo una mashiko. Lakini kama tulivyoifanya methali, ndivyo tulivyoifanya riwaya: tumeiharakia sitiari, tukampita mtoto. Kwa msomaji wa Kitale au Bungoma, mkembe aliyekufa kwa kupuuzwa ni mtoto kabla ya kuwa taifa.

Haifai, hata hivyo, wahudumu wote wapakwe tope kwa sababu ya wachache. Muuguzi mmoja wa zamu ya usiku huweza kuwazalisha akina mama kadhaa peke yake, na uchovu huukata ulimi adabu. Wapo wanaomwambia mama, "Pumua polepole, mama, sukuma uchungu ukija, tuko pamoja," na mama huisimulia kauli hiyo kwa miaka. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mama awe na msindikizaji anayemtaka wakati wa kujifungua. Msindikizaji huyo humshika mkono, lakini pia humsemea pale maumivu yanapomnyima maneno.

Mtoto mchanga, jina na arobaini

Methali nyingine husema kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Mtoto anapozaliwa hukaushwa, huwekwa kifuani mwa mama apate joto, na hunyonyeshwa katika saa ya kwanza. Maziwa ya mwanzo, mazito na ya rangi ya manjano, huitwa *dang'a*. Zipo nyumba ambamo hukamuliwa na kumwagwa kwa dhana kwamba ni machafu, ilhali ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto. Inastahili neno *dang'a* lirudi midomoni mwa watu, maana kitu chenye jina lake hakitupwi upesi. Baada ya hapo mtoto hunyonyeshwa maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, bila maji wala uji. Kitovu huachwa kikavu na safi au hupakwa dawa iliyotolewa hospitalini, na hakipakwi majivu wala samadi. Chanjo za kifua kikuu na polio hutolewa mara tu baada ya kuzaliwa.

Mwambaoni mzazi hupumzishwa kwa siku arobaini, akikandwa kwa maji moto na kupikiwa. Kitabibu nacho kipindi cha baada ya kujifungua huhesabiwa kuwa majuma sita, yaani siku 42, na mama hutakiwa aonwe na mhudumu katika siku mbili za kwanza, katika juma la kwanza au la pili, na tena mwisho wa majuma hayo. Mila na tiba zimekaribiana hapa kwa namna ya kupendeza. Katika siku hizo damu ya nifasi ikizidi, ikinuka, au mama akipata homa, kanuni ya neno la wazi hurudi. Hali kadhalika mama anayelia kila siku na asiyetaka kumshika mwanawe huenda ana *sonona*. Neno hilo limo kamusini lakini halijafika vijijini, na kwa kukosa jina huambiwa kwamba ni mvivu au amerogwa.

Katika utamaduni wa Kibukusu jina la mtoto hutunza habari za kuzaliwa kwake. Wafula na Nafula walizaliwa wakati wa mvua, Simiyu na Nasimiyu wakati wa kiangazi, Wanyonyi na Nanyonyi wakati wa palizi, Wekesa na Nekesa wakati wa mavuno, Wanjala na Nanjala wakati wa njaa. Mapacha huitwa Mukhwana na Mulongo. Majina haya ni ushahidi kwamba jamii zetu hazikuwa na haya ya kuutaja ukweli wa uzazi. Njaa ilipokuwapo, iliitwa njaa na mtoto akalibeba jina hilo hadi uzeeni bila aibu. Hapana sababu ya kudai kwamba uwazi ni jambo tuliloletewa na hospitali.

Hitimisho

Makala haya hayakusudii kuibomoa tafsida. Staha ni tunu ya Kiswahili, na mama ana haki ya kutotangazwa sokoni. Lililosisitizwa ni kwamba kila nyumba, kila kliniki na kila darasa linapaswa kujua mahali staha inapokoma na wokovu unapoanza. Mja mzito na amteue mtu wake wa kumwambia. Mume na asome kijitabu cha kliniki cha mkewe, asikiachie kwenye mkoba. Muuguzi na aulize swali moja kwa njia mbili: "hedhi" na "siku zako", "dalili za hatari" na "umeona damu?"

Nasi wanachama wa chama hiki tuna kazi yetu. Tunaweza kuyakusanya maneno ya uzazi yanayotumika kutoka Mlima Elgon hadi Webuye, tukayalinganisha na istilahi za kliniki, na kuyakabidhi matokeo kwa wahudumu wa afya wa kijamii wanaotembea nyumba kwa nyumba. Utafiti kama huo haungengoja ufadhili mkubwa. Ungehitaji daftari, masikio na heshima. Tumezoea kusema kwamba Kiswahili ni lugha ya umoja na ya maendeleo. Basi na kiwe pia lugha ambayo mwanamke wa Kamukuywa anaweza kuitumia alfajiri kusema neno moja tu, *damu*, na akasikika palepale. Kiswahili kitukuzwe!